Matawi ya Kilio Mbele ya Shule

Mimi ni serikali. Msicheke. Hapa Lubumbashi juu kuna meya, chini yake kuna burgumestre wa kila komine, chini ya burgumestre kuna shefu wa kartie, na chini kabisa, mahali ambapo mtu akishuka tena kidogo anaingia mtaroni, kuna shefu wa avenyi, wa mtaa mmoja tu. Huyo ndiye mimi. Sina ofisi, sina gari, mshahara hata harufu yake siijui. Nina mashini ya kushonea karibu na dirisha, na dirisha linaangalia barabara. Mamlaka yangu yanaanzia hapo na kuishia hapo.

Hawakunichagua kwa sababu ya hekima. Siku ya mkutano shefu wa kartie aliuliza, "Kati yenu, nani anapatikana kila siku?" Jirani zangu wote wakageuka wakaniangalia mimi. Ni kweli, napatikana. Wanaume wengine wa avenyi yetu ni watu wa kwenda: mmoja anaendesha lori, wengine wako migodini, wengine wanashinda mpakani Mokambo wakivusha bidhaa. Mimi nashona. Unifomu za bluu na nyeupe, mfuko uliochanika, zipu iliyokata roho. Mjini nimeshafika, nimepaona, sina neno napo. Mke wangu anauza samaki wakavu wa Pweto, kule ziwani, na hakuna basi wala mzani wa mkoa huu asioujua. Yeye husema aliolewa na ukuta. Mbele ya wageni anaongeza, "Lakini ni ukuta muzuri. Unashona."

Ushefu niliukubali nikidhani ni kazi ya kukaa.

Komine yetu siitaji jina. Burgumestre wake si mtu mbaya, na mimi bado naishi pale. Yatosha kusema kwamba barabara inayopita mwisho wa avenyi yetu ndiyo ile ya malori na mabasi yatokayo upande wa mpaka, na shule ya msingi iko ng'ambo ya barabara hiyo. Zamani hilo halikuwa tatizo, kwa maana barabara ilikuwa na mashimo, na mashimo yale, Mungu ayabariki, yalilinda watoto kuliko polisi. Lori lilipita hapo polepole kama bibi harusi. Mtoto aliweza kuvuka, akakumbuka amesahau kalamu, akarudi, akavuka tena. Halafu tukatengenezewa barabara. Tulipiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilitoka nyumbani kwenda kuiangalia, watu wakashangaa. Lami nyeusi, laini, unaweza kuandalia bukari, ugali wetu, juu yake. Wiki iliyofuata magari yakaanza kuruka. Mashimo yalikuwa yameondoka na adabu yote ya madereva.

Binti yetu wa mwisho aliingia darasa la kwanza mwaka huo. Kabla ya shule alikuwa anashinda chini ya meza ya mashini yangu, akiokota vipande vya kitambaa na kuwashonea watu wasioonekana nguo za harusi. Alipoanza masomo, nyumba ilipata ukimya ambao sikuuomba. Asubuhi nilimsindikiza hadi kando ya barabara, nikangoja avuke, nikarudi mbio kwa mashini. Saa ya kutoka, mara nyingi nilikuwa na mguu juu ya pedali na mteja mlangoni, naye alivuka na wenzake.

Siku moja ya mvua, mwezi wa pili, alirudi na kiatu kimoja. Mguu wa pili ulikuwa mtupu, umejaa matope hadi gotini.

"Kiatu iko wapi?" nikamuuliza.

"Basi ilikula."

Kandambili yake ilinasa kwenye matope pale ukingoni. Alivuta mguu, kandambili ikabaki, na basi lenye magunia juu likapita palepale. Alinisimulia bila kulia, kama mtu anayeeleza mbwa wa jirani alivyomnyang'anya mkate. Mimi ndiye niliyekaa chini.

Mke wangu aliporudi sokoni, kisa alikwisha kukisikia njiani. Alitua kapu lake, akamnawisha mtoto miguu yote miwili, hata ule uliokuwa safi, kisha akanigeukia.

"Papa ya bana, sikia. Pasaka ikifika, huyu mutoto anaenda ku Pweto kwa yaya yangu. Kule masomo iko karibu na nyumba, na gari inapita siku ile inajisikia."

"Na miye?"

"Weye? Weye hauvukaka njia."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mke wangu anatania asubuhi hadi jioni. Basi siku asipotania, ni heri uchukue neno lake kama lilivyo. Dada yake wa Pweto alipigiwa simu papo hapo, akaanza kutayarisha kitanda. Niliangalia chini ya meza ya mashini. Nikajua kwamba Pasaka ikifika bila madereva kupata adabu, pale chini patabaki vipande vya kitambaa tu.

Basi serikali ikavaa suruali yake ya kutokea, ikaenda kuona serikali.

Komine nilipokelewa na ofisa mmoja mwenye miwani, mtu mpole. Nilimweleza: tunaomba dodane mbele ya shule, yale matuta yanayomlazimisha dereva kukanyaga breki. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si dogo.

"Shefu, ulifanya vizuri kuya. Lakini ile njia haiko ya komine. Iko ya mji."

Nikaenda kwenye ofisi za mji. Kule nikaambiwa njia ni ya provense, yaani ya mkoa. Nikaenda provense, mimi ambaye kununua uzi tu nahitaji siku ya kujiandaa. Bwana mmoja wa kule, tai shingoni, alinifundisha kwamba dodane si lundo la udongo. Ni lazima injinia apime, na njia ile kweli ni yao. "Lakini batoto," akasema akinisindikiza mlangoni, "batoto ni ba komine."

Nilirudi nyumbani miguu ikiuma, na elimu mpya: njia ina mwenyewe, na mtoto ana mwenyewe, ila mtoto akiwa juu ya njia hana mtu.

Mwezi wa tatu mzee wa nyumba ya kona, karibu kabisa na shule, alifariki. Alikuwa ameshiba miaka, amezungukwa na wajukuu. Kilio chake kilikuwa na nyimbo kuliko machozi. Vijana wake wakafanya kama tunavyofanya siku zote: walikata matawi mabichi, wakayatandika barabarani mbele ya nyumba, ili apitaye ajue kuna maiti. Hiyo haikuandikwa katika sheria yoyote. Lakini dereva wetu, asiyeogopa askari, asiyeogopa taa nyekundu, asiyeogopa hata mama yake aliyemzaa, akiona yale matawi anapunguza mwendo. Anafunga muziki. Yule anayepokea pesa za basi anavua kofia. Lori zima la saruji linapita kwa kunyata.

Siku zote za kilio watoto wetu walivuka wakicheza. Binti yangu alisimama katikati ya barabara kufunga kamba ya kiatu, na lori likamngojea. Nililiona kwa macho yangu, kutoka dirishani.

Kilio kikaisha, matawi yakafagiliwa. Kesho yake mabasi yakaruka tena.

Jumamosi ya salongo, tulipokuwa tunafagia mitaro pamoja, niliwaambia akina mama, "Tukate matawi mengine. Tuyaweke asubuhi na saa ya kutoka."

Mafagio yakasimama. Jirani yetu mzee, mjane wa mfanyakazi wa reli, ambaye avenyi nzima tunamwita nkambo, yaani bibi, akanitazama kama anayemtazama mtu aliyekojoa kanisani.

"Matawi bila maiti? Mwanangu, unaita kifo. Kifo kinasikiaka."

 Mimi ni Mkatoliki wa kuogopa. Hata bundi akilia kwa jirani, nalala na rozari. Nilikuwa tayari kusema haya basi, tuendelee kufagia, mke wangu akanitangulia.

"Nkambo, kifo kinapita pale kila asubui, na plaki ya namba mbele, na plaki nyuma. Haiko lazima tukiite."

Akina mama wakacheka, halafu mmoja akaenda kuchukua panga. Nkambo hakugusa hata jani moja. Lakini Jumatatu alileta kigoda chake, akakaa karibu na matawi, akawa anamwombea kila mtoto anayevuka. Alisema kama sisi tunaita, ni lazima awepo wa kukatalia.

Na kazi ikaenda! Mabasi yalinyata. Malori yalinyata. Mimi nilisimamia shughuli yote kwa ushupavu, kutoka dirishani. Mke wangu alikubali kuwa ni jambo zuri, ila Pweto palibaki palepale. "Matawi yanakauka," alisema. "Na bantu bataanza kuuliza."

Walianza upesi. Kwetu matawi hayasemi na madereva tu. Mtu mwenye roho akiona kilio, hapiti mikono mitupu. Kwanza ikaja kwaya ya akina mama wa parokia ya jirani, wamefunga vitambaa kichwani, wakaimba wimbo mzima kabla ya kuuliza mwili uko wapi. Mke wangu akawapa chai, nao wakaondoka wamechanganyikiwa lakini wameshiba. Kisha ndugu mmoja, tunayeitana shemeji, alikuwa ndani ya basi akaona matawi mwisho wa avenyi yangu. Hakushuka. Alikwenda hadi Katuba kwa binamu yangu, akamwambia kwamba pale kwa yule fundi asiyetoka nyumbani kuna kilio, na kwa kuwa wengine wote huwa hawapo, atakuwa ni mwenyewe.

Binamu yangu alifika na gunia la makala, mkaa wa kupikia kilioni, begani, analia kuanzia kona. Alikuwa ananililia vizuri sana. Nilisikia sifa ambazo sijawahi kupewa: mtu wa amani, mkono wa dhahabu, hakumkosea mtu. Nilisita kutokea, nikitaka kusikia mpaka mwisho. Aliponiona nimekaa kwenye mashini, sindano mdomoni, alikatika katikati ya neno.

"Weye unaishi?"

"Kidogo."

"Na miye nilitoka Katuba na gunia ku bega! Nilishalia basi nzima! Bantu balinipatia nafasi ya kukaa yulu ya kilio yako!"

Nilimweleza habari za shule. Alielewa, akakubali ni kazi nzuri, akala, akatania. Kisha akaondoka na makala yake. Alisema atayaleta siku nitakapokuwa mkweli.

Nilicheka naye, lakini usiku huo sikulala vizuri. Nkambo hakuwa amekosea sana. Kama tukiendelea kudanganya na matawi, itafika siku ambapo dereva atasema, "Ah, ni bale ba shule," na atakanyaga mafuta. Siku hiyo hiyo matawi ya kweli nayo hayatamlinda mtu. Na Pasaka ilikuwa inakuja. Begi la mtoto lilikwisha kutolewa juu ya kabati.

Juma lililofuata, muda mfupi kabla ya kengele ya kutoka, gari jeupe aina ya jipu lilisimama mbele ya matawi. Dereva akashuka, akayavuta yote pembeni ili yasikwaruze rangi, akaegesha. Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka burgumestre mwenyewe. Nyuma yake alikuwa yule ofisa mwenye miwani, kichwa kimeinama, mikono imeshikana mbele, uso wa kilio.

Walikuwa wanapita tu kwenda mahali pengine. Wameona matawi, wameona nkambo kwenye kigoda chake na akina mama wamesimama, na burgumestre ni mtoto wa watu, amelelewa. Nilitoka na futi ya kupimia shingoni. Akaniambia kwa sauti ya chini:

"Pole sana, shefu. Tuliona matawi, tukasema hatuwezi kupita sawa banyama. Nani alikufa?"

Lazima niseme kwamba kwa ajili ya siku kama hiyo nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ya Kifaransa. Nilimaliza sekondari, na ilikuwa hotuba yenye mwanzo, katikati na mwisho. Nilikuwa naifanyia mazoezi nikipiga pasi. Nikafungua mdomo. Hotuba ikakimbia. Likatoka neno moja tu.

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado hajakufa, Ekselansi."

"Oh. Iko mugonjwa?"

"Apana. Iko ku masomo."

Burgumestre alimwangalia ofisa. Ofisa aliinua kichwa, akanitambua, na miwani yake ikaanza kuteleza puani. Akina mama walikuwa wametazama chini. Najua sauti ya mke wangu anapozuia kicheko, ni kama sufuria inayotaka kuchemka. Nkambo akasema tu, "Ngojea kidogo, bwana mukubwa. Batatoka sasa."

Kengele ikalia. Watoto wakamiminika ng'ambo, bluu na nyeupe, na mimi nikijua kila mshono. Walifika ukingoni wakasimama, maana matawi hayakuwepo. Basi moja likaruka, lori likaruka, basi jingine. Watoto wa nyuma walikuwa wanasukuma, wa mbele wanakaza miguu. Binti yangu alikuwa wa mbele.

Burgumestre alienda hadi ukingoni upande wetu, akainua mkono, kama mtu aliyezoea mkono wake kutosha. Basi likampigia honi, likampita karibu kiasi kwamba koti lake lilifunguka lote. Akarudi nyuma hatua kubwa. Akainua tena. Lori likapita.

Ndipo akafanya jambo ambalo mpaka leo linanifanya nimheshimu. Hakupiga kelele, hakumtuma dereva. Aliinama, akachukua tawi kubwa kwa mikono yake, akaliburuta hadi katikati ya lami, na viatu vyake vilikuwa vya kung'aa. Lori lililofuata likapunguza mwendo. Dereva wake akafunga muziki. Watoto wakavuka.

Binti yangu alipofika mbele ya burgumestre, aliona mtu mzima mwenye koti, ameshika tawi, uso umebadilika. Amefundishwa adabu ya kilio. Akampa mkono.

"Pole, papa."

"Asante, mwanangu," burgumestre akajibu.

Akalitua tawi. Kisha akamwuliza ofisa, "Ile njia ni ya nani?"

"Ya provense, Ekselansi."

"Simu yako iko na inite za kuita?"

"Iko, Ekselansi."

"Basi ita provense. Wambie komine iko na kilio."

Sitawadanganya kwamba lami ilikuja kesho yake. Serikali ni mashini kubwa, na mimi najua mashini: hata ikiwa na mafuta, uzi unakatika. Lakini Jumatatu alikuja askari wa rulaje, wale wa barabarani, mwanamke mwenye filimbi ambayo hata mbwa walikuwa wanaitii, akawa anasimama pale asubuhi na saa ya kutoka. Tukaondoa matawi. Nkambo akarudisha kigoda chake nyumbani, akasema sasa anaweza kupumzika kukataa.

Baadaye akaja injinia kupima, na katika juma takatifu likaja lori la lami na wafanyakazi wake. Jirani akaja kunigongea dirisha: walikuwa wanaanza kumwaga mbele ya baa, mbali na lango la shule. Mwenye baa alikuwa amewapa vinywaji baridi, na kwa macho ya mtu mwenye kiu pale palionekana ndipo hasa panapohitaji usalama. Niliacha mkono wa shati umening'inia kwenye sindano. Nilishinda juani kutwa nzima, nimesimama mahali penyewe, mbele ya lango la shule, kama kigingi. Kila waliponiambia nisogee, niliwaambia mimi ni shefu wa avenyi, napatikana hapa. Mke wangu aliporudi kutoka sokoni akaniona pale, alifikiri nyumba imeungua.

Jioni dodane zilikuwa mbili, moja kila upande wa lango. Basi la kwanza likaja kwa mazoea yake. Magunia yote juu yake yaliruka yakakaa tena, dereva akatoa kichwa nje kutukana, akaona lango la shule, akakirudisha ndani.

Mke wangu aliangalia basi la pili, na la tatu.  Akachukua simu akampigia dada yake Pweto.

"Yaya, mutoto hatakuya. Njia ilipata adabu." Akasogeza simu mbali na sikio, maana kule Pweto kulikuwa na kelele: kitanda kimetengenezwa, majirani wameshaambiwa. "Pole, yaya. Pole sana."

Begi likarudi juu ya kabati. Nilijiona mtu mkubwa. Nikamwita binti yangu, nikamwambia habari njema kwa kirefu, na habari za komine, na za provense. Alinisikiliza. Kisha akalia kilio ambacho hata siku ya basi hakulia.

"Sasa ziwa nitaliona wakati gani?"

Kumbe muda wote ule, alipokuwa anaokota vitambaa chini ya meza, alikuwa anajishonea nguo ya kuogelea. Hakuna mtu aliyemwuliza kama anataka kubaki.

Wewe ungefanya nini? Nilimwahidi. Likizo kubwa tutaenda kuliona ziwa, mimi na yeye, na kurudi kabla masomo hayajaanza. Alinyamaza papo hapo, akaenda kuwatangazia wenzake. Mimi nikaenda jikoni, nikamwuliza mke wangu kwa sauti ndogo, ndani ya lile basi la Pweto, ni upande gani mtu akikaa vumbi halimfiki. Alicheka mpaka akatua kapu la samaki chini.